Viatu vya mtumba vyenye meno: kilomita 42 kwenye vilima vya Magamba

Viatu hivi nilivipata Karume, Dar es Salaam, kwenye lundo la raba za mtumba, kwa shilingi 45,000. Kilichonivutia ni soli: meno marefu karibu nusu sentimita, yameachana vya kutosha tope lisigande katikati. Mwaka mmoja kabla nilianguka mara tatu kwenye njia za msitu wa Magamba, juu ya Lushoto, nikiwa na raba za lami. Safari hii nilitaka kumaliza marathoni nzima humo humo, si mashindano, ila mimi, rafiki zangu wawili na kijana mwenyeji wa kutuongoza.

Udongo wa Usambara ni mwekundu wa mfinyanzi. Ukilowa, unateleza kama mlenda, na chini ya miti haukauki upesi kwa sababu ya ukungu. Hapo ndipo meno yalipolipa pesa yangu yote. Kwenye miteremko ambayo zamani niliishuka nikiwa nimeshikilia vichaka, nilishuka nikikimbia, hatua fupi fupi, magoti yamekunjwa kidogo. Penye mizizi mibichi na mawe yenye kuvu ni habari nyingine. Meno hayana cha kuuma pale, unapita taratibu tu.

Kupanda, kiatu chochote kingefaa. Nilikuwa nimezoea tambarare ya Daraja la Tanzanite, nikaongeza vilima vya Pugu kila Jumamosi kwa miezi mitatu, na bado mlima wa kwanza ulinikata pumzi. Lushoto mjini peke yake iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na sisi tulikuwa tunazidi kupanda. Mwenyeji wetu akaniambia, "Dada, hapa tembea. Utakimbia juu." Nikaweka mikono mapajani nikatembea. Mbega walikuwa wakirukaruka juu yetu, mikia yao myeupe ikining'inia kwenye ukungu, na nakiri nilisimama kuwatazama muda mrefu kuliko nilivyohitaji kupumzika.

Kuhusu saizi: navaa 39, nikachukua 40, na nashukuru. Kwenye mteremko mrefu mguu husogea mbele, vidole vikagonga ncha ya kiatu mara maelfu. Rafiki yangu aliyevaa saizi yake kamili alipoteza kucha mbili. Fungeni kamba kwa nguvu juu, karibu na kifundo, mbele mlegeze.

Kasoro ni gundi. Kiatu kilichokaa miaka bila kuvaliwa kinaweza kuonekana kipya na gundi imeshachoka. Muuzaji aliniapia kwamba hakuna haja ya kushona. Hata hivyo nilimpelekea fundi viatu, akazungusha uzi wa nailoni pembeni ila akaacha ncha. Kilomita ya 33 ncha ya kushoto ikafungua mdomo, tope likaingia. Tuliifunga kwa kamba ya katani aliyokuwa nayo mwenyeji, ikashika hadi mwisho. Ukinunua mtumba, mwambie fundi azungushe kiatu chote, na usimame hapo hapo mpaka amalize.

Kifuko cha viazi mviringo vya kuchemsha vyenye chumvi kilinisaidia kuliko peremende zote nilizobeba.

Nilimaliza kwa saa 6 na dakika 50. Kwenye lami huwa natumia saa 4 na dakika 20. Miguu ilianza kuuma kweli siku ya pili, mapaja ya mbele, kwa sababu kwenye kushuka misuli hiyo inafanya kazi ya breki huku inavutwa. Ngazi za nyumbani nilishuka kinyumenyume kwa siku tatu.

Viatu nimeviosha, nimevikausha kivulini. Kesho vinarudi kwa fundi kwa ajili ya zile ncha, kwa sababu rafiki zangu wameshaanza kuulizia tarehe za Juni, masika yakiisha.