Kabla ya kumnunulia mtoto baiskeli, pima vidole vyake

Mwanangu ana miaka minne, na baiskeli yake ya kwanza aliisimamisha kwa mkokoteni wa maji.

Ilikuwa siku ya pili ya Idd. Kwetu Tudor, hapa Mombasa, njia inateremka kuelekea baharini. Si mteremko wa kutisha, lakini ukiacha kukanyaga pedali, baiskeli inajiendea yenyewe. Nikapiga kelele, "Breki! Shika breki!" Naye maskini alikuwa ashazishika. Niliona vidole vimenyooka, ncha tu ndizo zinagusa mkono wa breki, kuukunja hawezi. Akaingia kwenye mitungi. Mwenye mkokoteni akamwinua, akampangusa magoti, kisha akanigeukia mimi: "Mama, hii breki ulimnunulia yeye au babake?"

Usiku nikachukua rula. Kutoka mpira wa usukani hadi mkono wa breki, sentimita 8. Kidole cha shahada cha mwanangu, chote, sentimita 5.

Kwa hivyo rangi, kengele na magurudumu ya pembeni sitavizungumzia, muuzaji atakuimbia mwenyewe. Urefu pia ni neno moja tu: akikaa kitini, miguu yote miwili ifike chini. Mimi shida yangu ni breki. Mtoto ashike usukani kama kawaida, kisha afungue vidole bila kuachia kiganja. Kiungo cha kwanza cha kidole cha shahada kipite juu ya mkono wa breki. Sasa avute kwa vidole viwili huku wewe unasukuma baiskeli. Tairi likiendelea kuzunguka, rudisha. Mikono mizuri ina kiskrubu kidogo ndani, ukikikaza mkono unasogea karibu na usukani. Ya plastiki mingi haina, na mtoto akivuta kwa nguvu inapinda hiyo plastiki yenyewe, tairi halina habari.

Halafu kuna hii chumvi yetu. Waya wa breki unapita ndani ya ganda lake, na upepo wa bahari huutia kutu mle ndani usikoona. Breki iliyokuwa laini dukani, baada ya miezi inakushinda hata wewe mtu mzima. Matone mawili ya mafuta ya cherehani pale waya unapoingilia, kila mwezi. Usingoje fundi.

Namba moja kwangu ni Btwin, ile ya Decathlon, maduka ya vifaa vya michezo ya Wafaransa, tairi za inchi 14 au 16, na sioni haya kuipendelea. Mkono wake wa breki umetengenezwa kwa kiganja cha mtoto, si wa mtu mzima uliobandikwa kwenye baiskeli ndogo. Niliiagiza Nairobi ikashuka na basi, na nauli ya mzigo iliniuma. Lakini sasa anaisimamisha kwa vidole viwili huku anaongea.

Namba mbili ni mtumba wa Uingereza, Raleigh au Apollo. Wenzetu wale huendesha kushoto kama sisi, kwa hivyo breki ya mbele kwa kawaida iko mkono wa kulia. Mtumba wa Ulaya bara mara nyingi ni kinyume, mwambie fundi azibadilishe. Na waya mpya usibishane, lipa.

Zile mpya za bei rahisi, zenye kikapu na nyuzi za rangi? Ndiyo niliyoanza nayo. Basi.

Na hata hiyo rahisi haikuwa rahisi. Mwezi wa Shaaban niliambiwa 8,500. Kumi la mwisho la Ramadhani nikarudi, 12,000. "Mzigo mpya huu, mama." Mzigo mpya, na alama ya kidole changu bado iko kwenye vumbi la kiti! Nikalipa, kwa sababu mtoto alikuwa keshaahidiwa, na wao wanajua.

Helmeti: tafuta ndani kibandiko cha EN 1078, kiwango cha Ulaya cha usalama wa helmeti za baiskeli. Pima kichwa kwa tepu ya fundi cherehani, juu kidogo ya nyusi. Ikae vidole viwili juu ya nyusi, kamba zikutane chini ya sikio, na kidevuni kipite kidole kimoja. Msichana ijaribu akiwa kasukwa vile atakavyoendesha, maana mabutu mawili yanainua helmeti yote ikakaa kisogoni. Ya mtumba usiguse hata ukipewa bure. Ile foamu ngumu ya ndani humlinda mtu mara moja tu, na ikishapasuka huenda usiuone ufa.

Mwisho, nenda na mtoto. Kuna muuzaji alinikataza mwanangu asiikalie baiskeli, eti nailoni ya kiti itachanika. Nami nikakubali kama mjinga. Ukiambiwa hivyo, shika mkono wa mtoto uvuke barabara, duka jingine liko mbele.