Kuku wa nyama na mayai kwa banda dogo: nani nachukua, nani naacha

Haya jamani, leo ni kuku wa matumizi mawili, nyama na mayai, na naongea na wewe mwenye kabanda nyuma ya nyumba, kuku nane, kumi, tuseme kumi na tano wakizidi sana. Mwenye banda la mia tano hii video sio yako. Watu wanauliza mbegu gani inataga sana, alafu hapo hapo anataka na nyama, na mi nawarudishia swali moja tu, majogoo utawapeleka wapi?

Kwasababu ukitotolesha, karibu nusu ya vifaranga watakuwa majogoo, hiyo hukwepi. Sasa chukua wale leya wa kisasa, wembamba, wanaotaga mayai 300 na kitu kwa mwaka, jogoo wake anakula miezi mitano na siku ya kumchinja unakuta mifupa na manyoya. Upande wa pili kuna broila, wiki sita tu kashapita kilo mbili, ila mwambie akae mwaka mzima uone, uzito unamuua, miguu haimbebi, moyo nao unafeli. Huyu wa matumizi mawili yupo katikati, hatagi kama yule na hakui kama huyu, ukimchukua ukitegemea ashinde kote kote utamchukia bure. Dada anakupa mayai, kaka anakupa nyama, ndo mpango mzima.

Tuanze na mwekundu huyu hapa, Rhode Island Red. Marekani huko jimbo la Rhode Island wamempenda mpaka mwaka 1954 wakamfanya ndege rasmi wa jimbo. Mtetea kilo tatu kasoro kidogo, jogoo anaelekea nne, mayai ya kahawia, mbegu ikiwa nzuri unapata 200 mpaka 280 kwa mwaka. Mgumu huyu, anajitafutia, hasumbuliwi na jua. Tatizo langu nae ni mawili. Jogoo wake wengine ni wakorofi kweli, watoto wakiingia bandani anawafata miguuni. La pili ndo kubwa, jina ni moja ila kuku ni wawili tofauti kabisa, kuna waliochaguliwa miaka na miaka kwa ajili ya mayai wamekuwa vijikuku vidogo, na kuna wa maonyesho, wakubwa, wekundu wa kukolea, wazuri kuwaangalia na kutaga ni kwa kujisikia. Muuzaji atakwambia "ni Rhode Island pyua" na kweli hajadanganya, ila hujui umepewa yupi. Kwaiyo usiulize jina tu, omba uone wazazi, mshike mama yake umpime kwa mkono, uliza anataga mangapi kwa wiki sasa hivi, sio kwa mwaka kwenye kipeperushi.

Na hii ya kuangalia ukoo inahusu mbegu zote nitakazotaja, sirudii tena.

Huyu wa mistari meusi na meupe kama kitenge ni Plymouth Rock, wengi wanamwita Barred Rock, na nasema mapema kabisa ndo chaguo langu kwa anaeanza. Mayai ni kama 200 hivi, sio mengi ya kutisha, ila mtetea anafika kilo tatu na nusu kasoro, jogoo anapita nne, na ni wapole, hawarukiruki fensi hovyo, hawadonoani sana wakibanana. Kifua chake kina nyama ya kushika. Alafu ana siri moja nitaieleza mbele, usiondoke.

Mweusi anaeng'aa kijani juani ni Australorp, wa Australia, katokana na Orpington mweusi wakamchagua kwa mayai. Miaka ya 1922 na 1923 kuna mitetea sita wa aina hii waliwekwa kwenye mashindano siku 365, wakatoa wastani wa mayai 309 kila mmoja, na ikumbukwe wakati huo hakuna taa za kuwaongezea mchana kama mabanda ya leo. Usitegemee 309 nyumbani kwako lakini. Ukipata 250 shukuru. Kama kwenu mayai ndo yanaliwa zaidi na nyama ni ya mara moja moja, nenda na huyu, ila kama ni sehemu ya joto mwekee kivuli cha uhakika maana weusi ule unavuta jua.

Orpington mwenyewe sasa, huyu mnono wa manyoya kama mto. Kila mtu akimuona anamtaka, na mi namuelewa, ni kuku mzuri na mtulivu kupita kiasi. Ila nusu ya ule unene ni manyoya jamani! Mayai 150 mpaka 200, chakula anakula vizuri sana, joto linamtesa, na kuatamia ndo usiseme, akikaa kwenye kiota hatoki na akiatamia hatagi. Kwenye baridi sawa. Kwenye joto namuacha.

Ila kuatamia sio ubaya kama huna mashine ya kutotolesha. Hapo mi namtaka Sussex, yule mweupe mwenye shingo ya michirizi meusi. Anataga vizuri, 200 na zaidi kwa ukoo mzuri, mayai ya rangi ya krimu, mwili mkubwa, ngozi nyeupe, na baadhi ya mitetea wanaatamia na kulea vizuri. Siku 21 anakutolea vifaranga bila umeme. Wyandotte nae yupo, upanga wake wa kichwani ni mdogo umelala, haugandi kwenye baridi kali, kwaiyo wa sehemu za baridi mfikirie huyo, wengine mpite tu.

Sasa najua mnasubiri Kuroiler na Sasso. Ni kuku wazuri, sibishi, wanakua haraka kuliko hawa wote niliowataja, jogoo unamchinja mapema na ana uzito wa maana. Lakini hao ni chotara, na chotara anapendeza kizazi cha kwanza tu, ukichukua jogoo wako na mtetea wako wa Kuroiler ukatotolesha mwenyewe, vifaranga wanatoka mchanganyiko, mmoja mkubwa, mmoja mdogo, mwingine hataki kukua, kila mmoja na lake. Kwaiyo kila ukihitaji kuku wapya unarudi kununua. Kama hilo halikusumbui chukua, na wengi halitawasumbua. Mimi napenda banda linalojizalisha lenyewe, ndo maana nimewaweka pembeni.

Haya ile siri ya Plymouth Rock. Chukua jogoo mwekundu wa Rhode Island, mpe mitetea wa Plymouth Rock wa mistari. Vifaranga wakitoka wote ni weusi, ila majogoo wana doa jeupe kichwani na mitetea hawana. Siku ya kwanza tu unajua nani ni nani! Sababu ni kwamba mtetea wa mistari anarithisha ile mistari kwa watoto wa kiume peke yake, na kwa kifaranga inaonekana kama doa jeupe kichwani. Ukigeuza, jogoo awe wa mistari na mitetea wawe wekundu, haifanyi kazi, vifaranga wote wanatoka na doa na hujui kitu. Hata jogoo mwekundu na Sussex mweupe inatoka, hapo mitetea wanakuwa rangi ya dhahabu na majogoo weupe weupe. Ila ujue hao nao ni chotara, ni wa kutaga na kuliwa, usiwafanye wazazi. Wazazi wako wabaki pyua.

Faida yake sio mchezo. Ukishawajua unawatenga mapema, maana chakula cha leya kina kalsiamu nyingi kwa ajili ya maganda, majogoo na vifaranga wakila hicho muda mrefu figo zinaharibika. Wape cha kukuzia, na mitetea ubadilishe wakianza kutaga, miezi mitano au sita hivi, mbegu nzito zinachelewa zaidi.

Majogoo chinja wiki ya 16 mpaka 20. Ukivuka hapo nyama inaanza kuwa ngumu, wanapigana, wanapanda dada zao hovyo, na uzito unaoongezeka haulipi chakula. Na ukishachinja usipike saa hiyo hiyo, ilaze kwenye friji mpaka kesho alafu upike moto mdogo, taratibu, kuku huyu katembea huyu, sio broila.

Kwaiyo banda la kuku kumi mi naliweka hivi: mitetea sita wa Plymouth Rock, watatu Sussex kwa ajili ya kuatamia, na jogoo mmoja mwekundu mpole, mpole nimesema, akikufata miguuni huyo ni wa sufuria tafuta mwingine. Ukitaka kuendeleza mbegu pyua badilisha jogoo kwa msimu, leta wa Plymouth asie ndugu wa mitetea wako, ila subiri wiki tatu bila jogoo kwanza ndo uanze kukusanya mayai ya kutotolesha, mbegu za kiume za jogoo wa zamani zinakaa ndani ya mtetea muda mrefu kuliko unavyodhani.