Ford, Chevy au Ram? Pikapu iliyotumika ya kununua ukiwa Marekani

Ukiishi Texas, Ohio au Minnesota, jaribu kutaja kazini kwamba unatafuta pikapu iliyotumika, uone ushauri utakaomiminiwa. Mmoja ataapa kwamba nje ya Ford hakuna gari. Mwingine babu yake aliendesha Chevy, yaani Chevrolet, baba yake Chevy, na kwenye kioo cha nyuma cha gari lake pana stika ya katoto kanakojolea nembo ya Ford. Ni Simba na Yanga hii: mtu huzaliwa nayo, na kipigo cha uwanjani hakimbadilishi. Sisi tuliokuja ukubwani hatuna deni na upande wowote, na hiyo ni pesa. Nunua injini na mwaka, nembo waachie wenyewe wagombane nayo.

Mpangilio wangu ni wa mtu anayekwenda nayo kazini kila siku, na wikendi anavuta trela au kuhamisha makochi ya ndugu.

Namba 1: Ford F-150 ya 2015 hadi 2017, V8 ya lita 5.0

Pikapu za F-Series, familia ya F-150, zimeongoza mauzo ya pikapu Marekani tangu 1977, kwa hiyo spea zimejaa kila kona na hakuna fundi asiyeijua. Lakini si kila F-150. Ninayoitaka ni ya miaka hii mitatu, yenye injini isiyo na turbo na giaboksi ya gia sita. Kuanzia 2018 injini hiyo ilifungiwa giaboksi ya gia kumi, ambayo wengi wameilalamikia kwa kushtuka inapobadilisha gia, na baadhi ya injini zenyewe zikaanza kunywa oili. Ile V6 ya lita 3.5 yenye turbo mbili ina nguvu kweli, ila ukikuta ya 2017 hadi 2020, iwashe ikiwa baridi kabisa. Ikikwaruza kwa sekunde chache mbele ya injini kisha ikanyamaza, muage muuzaji kwa heshima.

Bodi yake tangu 2015 ni ya alumini. Kwenye majimbo wanakomwaga chumvi barabarani kipindi cha theluji, hilo si jambo dogo, maana chuma huliwa na kutu hadi milango inatoboka. Chasisi lakini bado ni ya chuma, kwa hiyo lala chini uitazame. Chevrolet waliicheka alumini hiyo mwaka 2016 kwa tangazo la kumwaga matofali ya zege kwenye bodi ya nyuma ya F-150, ikatoboka, huku ya Silverado, pikapu yao, ikipata mikunjo tu. Tangazo halikudanganya. Ila Silverado mpya ya 2019 ilipotoka, milango yake, boneti na lango la nyuma vilikuwa vya alumini.

Sifa nyingine ya Ford ni ya kihistoria. Mwaka 2009 General Motors (GM, wenye Chevrolet) na Chrysler (wenye Ram) walifilisika wakaokolewa kwa fedha za serikali, Ford hawakufilisika. Mashabiki wao wanalitaja hilo mpaka leo kama kwamba ni uadilifu. Ukweli ni kwamba mwaka 2006 kampuni ilikuwa imeshaweka rehani karibu kila kitu, hata ile nembo ya buluu, ikakopa mabilioni kabla mabenki hayajafunga milango. Walikuwa na akili, sikatai. Lakini historia hiyo haitakusaidia giaboksi ikigoma.

Namba 2: Ram 1500, Hemi ya lita 5.7

Hemi ni jina la V8 yao. Tafuta ya 2013 kuja juu, yenye giaboksi ya gia nane, ambayo ni nzuri kuliko za wapinzani wake wote wa wakati ule. Nyuma ina springi za koili badala ya springi bapa, ndiyo maana hairushi abiria kama gari la mchanga. Ndani ni starehe tupu, hasa kuanzia 2019, mwaka ambao Ram iliipita Silverado kwa mauzo.

Kasoro yake utaisikia kwa masikio. Hemi ikigonga tik-tik-tik asubuhi halafu ikanyamaza ikipata moto, mara nyingi ni bolti za manifoldi ya ekzosi zimekatika. Inatengenezeka. Ikiendelea kugonga hata ikiwa moto, huenda ni tapeti (vipande vinavyosukuma vali) zinazokula kemshafti (mhimili unaozisukuma), na hapo bili ni ya maelfu ya dola. Zima, rudisha ufunguo.

Namba 3: Chevrolet Silverado 1500, V8 ya lita 5.3

Naiweka ya tatu kwa shingo upande, maana injini yenyewe ni ngumu. Kinachoiharibu ni mfumo wa kuzima baadhi ya silinda ili kuokoa mafuta, uliokuja 2007. Tapeti za mfumo huo hukwama, injini ikaanza kukosa moto. Ukipata yenye rekodi ya kubadilishwa oili kwa wakati, chukua. Ile ya lita 6.2 ya 2021 hadi 2024 ifikirie mara mbili: Aprili 2025 GM waliita magari karibu 600,000 nchini Marekani yarudishwe kwa ukaguzi, kwa hitilafu ndani ya injini, na zilizopita ukaguzi zikapewa oili nzito zaidi.

GMC Sierra? Ni Silverado iliyovaa suti. Injini zilezile, giaboksi zilezile, bei juu.

Pikapu yoyote utakayoipenda, chukua namba yake ya chasisi yenye tarakimu na herufi 17, iingize kwenye tovuti ya NHTSA (idara ya serikali ya usalama barabarani) bure, uone kama ina wito wa matengenezo (recall) ambao haujafanyiwa kazi. Muuzaji akikuambia ameshaipasha moto "ili usisubiri", rudi kesho asubuhi kabla hajaigusa.

Na kama una mpango wa kuipeleka nyumbani baadaye, kumbuka usukani uko kushoto. Kigali, Bujumbura na Lubumbashi wanaendesha kulia, haina shida. Kenya haisajili gari la usukani wa kushoto kwa matumizi ya kawaida, na kwa ujumla hawapokei lililozidi miaka minane.