Fender Mustang Micro: gita la umeme usiku, jirani alale

Karibuni tena wapiga gita wenzangu. Leo nina hiki hapa, Fender Mustang Micro, kifaa kidogo kinachoiga amplifaya za gita na kukupa sauti kwenye hedifoni. Kinaenea kiganjani. Unakichomeka kwenye tundu la gita, hedifoni unaichomeka kwenye hicho hicho, umemaliza. Hakuna waya wa gita, hakuna amplifaya. Kwa sisi wa nyumba za kupanga, tunaochangia ukuta na mtu anayedamka saa kumi alfajiri, hii si anasa.

Sasa, wengi mnaniuliza kwa nini gita la umeme ukilichomeka moja kwa moja kwenye mixer au kompyuta linatoa sauti ya ovyo. Jibu lipo kwenye spika. Spika ya amplifaya, ile ya inchi 12, haipitishi kila kitu: sauti nyembamba, kuanzia hezi 5,000 hivi kwenda juu, inazikata sana. Ukiiondoa, ukali wote unakuingia sikioni, na ukitia distoshoni, ile sauti ya kukwaruza ya rock, ndiyo kabisa, unasikia nyuki ndani ya kopo. Kwa hiyo kifaa cha hedifoni lazima kiige na spika pamoja na kasha lake. Hiki kinaiga, na kinaiga vizuri.

Sikilizeni. Hapa nimeweka sauti safi, ile ya Twin, amplifaya ya Fender ya mwaka 1965. Napiga sebene, taratibu kwanza... Mmesikia? Kila noti inatoka peke yake, hata nikiharakisha hazigandani. Nikibonyeza uzi vibaya nao unanisema hapo hapo, na kwa mazoezi hilo ndilo nalitaka. Wachambuzi wengi wa vifaa hivi wanamaliza muda wao kwenye distoshoni za rock. Zimo, ni nzuri, lakini mpiga solo wa dansi au benga anaishi kwenye sauti safi, na hapo ndipo mimi nakipima kitu.

Ongezeni mwangwi kidogo. Hedifoni haina chumba. Bila mwangwi gita linakuwa kavu, kama limekukaa katikati ya kichwa. Kidogo tu, usizamishe.

Sasa hili la blututhi, maana linawachanganya watu. Blututhi iliyomo humu ni ya kupokea muziki kutoka kwenye simu, ili upige juu ya wimbo. Haipeleki gita kwenye hedifoni isiyo na waya. Na hata ingepeleka, blututhi ya kawaida inachelewa: unapiga uzi, sauti inafika baada ya sehemu ya kumi ya sekunde au zaidi. Rizimu gani utapiga hivyo? Tafuta hedifoni ya waya, inayofunika sikio zima, na isiwe ya zile zilizojazwa besi, maana nyuzi nene zitakumeza.

Kinachoniudhi ni taa. Amplifaya kinazoiga zipo 12, efekti (mwangwi na kadhalika) 12, na unazitambua kwa rangi ya taa ndogo. Kifaa kiko chini ya gita, wewe umeinama unajiuliza hii ni bluu au zambarau! Mimi nimezoea kuhesabu mibonyezo. Betri inachajiwa kwa USB-C, Fender wanasema chaji moja inadumu hadi muda wa saa sita.

Bei: kilipotoka mwaka 2021 kilikuwa kama dola 100. Kama mfuko hauruhusu, ipo Vox amPlug, inakwenda kwa betri mbili ndogo za AAA, na ile inayoiga AC30, amplifaya ya Vox wenyewe, ina sauti safi inayong'aa. Nusu ya bei, au pungufu. Haina blututhi, muziki wa simu unaingia kwa waya, na kila amPlug ni aina moja ya amplifaya, basi. Mwanafunzi anayeanza, mimi namwambia achukue hiyo, hela inayobaki anunue hedifoni ya maana.

Haya, USB-C ya Micro inarekodi pia. Naichomeka kwenye kompyuta, nawapigia amplifaya zote 12 mfululizo. Vaeni hedifoni, na shusheni sauti kwanza, za mwishoni ni kali.