Matofali ya plastiki yasiyoshikana, na jibu nililopewa dukani

"Kwani mtoto wa miaka miwili anajua nini, dada?" Ndivyo nilivyojibiwa kwenye duka moja la vitu vya watoto Kariakoo, wiki kadhaa zilizopita, niliporudisha ndoo ya matofali ya kuchezea niliyoinunua kwa shilingi 35,000. Nikikumbuka, damu inachemka.

Anajua. Mwanangu alikaa mkekani akapanga moja, la pili, la tatu, katoa ulimi kwa kukazana. La nne likagoma. Akalibonyeza, likateleza, mnara wote chini. Akaanza upya. Mara ya tano au ya sita hakulia hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma: alilisukuma rundo kwa mguu akaondoka. Mtoto wa miaka miwili huweza kupanga hata sita, na wangu kwa makopo ya maziwa alikuwa anafika matano. Nikajaribu mwenyewe, na mikono yangu yote miwili, hayakushikana. Matofali ya LEGO yana vibomba ndani tangu mwaka 1958, na ndivyo vinavyobana vichwa vya tofali la chini. Haya yangu vibomba vimekaa upande, mengine hayana kabisa.

Mtu asiniambie kuanguka ni sehemu ya mchezo. Najua. Mnara ukianguka kwa kuwa tofali limewekwa ukingoni, mtoto anaona, kesho analisogeza katikati. Hapo ndipo jicho na vidole vinapofundishana. Huu wetu ulianguka hata alipoweka sawasawa. Anajifunza nini hapo? Kwamba yeye hawezi!

Halafu tofali moja likabanduka kichwa. Kipande cha ukubwa wa punje ya mahindi nilikitoa mdomoni mwake kwa kidole. Nilimwonyesha muuzaji. Hakukishika. Alisema wenzangu hawajalalamika, akamgeukia mteja mwingine nami nimesimama palepale. Hela sikurudishiwa.

Nilitaka kuandika msinunue plastiki kabisa. Ningekuwa nawadanganya: dada yangu anayo, mazito, watoto watatu wameyatumia na bado yanabana. Hata haya yangu, yale makubwa niliyoyabakiza mwanangu anaingia nayo kwenye beseni, anayajaza maji, anayamwaga, na neno "jekundu" amelipatia humo. Basi labda hela haikupotea yote. Hapana, imepotea. Nikikiona kile kipande, imepotea.

Kinachomkalisha chini sasa ni mabaki ya mbao. Nilimwomba fundi seremala wa mtaani kwetu, akanikatia vipande ishirini, akavipiga msasa kona zote, hela akaipokea kwa kulazimishwa. Havibani popote, vinatulia kwa uzito wake. Juzi mwanangu alisimamisha viwili, akalaza kimoja juu, akapitisha kigari chake chini. Daraja! Hakuna aliyemfundisha. Nilimwita baba yake kwa sauti mpaka jirani akachungulia.

Ukienda dukani omba ndoo ifunguliwe. Bana mawili, geuza juu chini, tikisa. Muuzaji akikataa kufungua, ondoka. Mimi alinikatalia, nikaona haya kusisitiza, nikalipa.