Jiko la Kamukunji: halina cha kupunguza

Jiko la makaa la mafundi wa Kamukunji, Nairobi, lile lenye kiuno na kigae cha udongo ndani, halijabadilika sana tangu miaka ya 1980, na hakuna haja. Kiuno ndicho kinachobeba kigae, kwa hiyo skrubu za nini? Mlango mmoja wa chini huingiza hewa na kutoa majivu. Ufunge nusu, maharagwe yachemke taratibu.

Kabla ya kulipa, tikisa kigae. Kikicheza, saruji ya kukishikilia imebaniwa, na nyufa haziko mbali. Kagua na matundu ya kigae: yakizibwa na udongo, utapepea hadi mkono uchoke. Vishikio vya chuma kitupu ndio udhaifu wake, vinachoma. Makaa usiyazime kwa maji. Kigae cha moto hupasuka.