Bampa Limepasuka? Kabla Hujalipa, Kagua Masikio

Malalamiko ya bampa ninayotumiwa yana mkondo mmoja. Gari, mara nyingi Toyota IST au Passo, limeguswa na bodaboda kwenye foleni na bampa la mbele limepasuka. Mwenye gari kanunua jingine, likapakwa rangi, likapendeza. Haupiti muda, pembe moja inaachia, kati ya bampa na fenda kidole kinapita, na kwenye kila tuta linagonga. Fundi anafunga waya. Wote wananiuliza kuhusu rangi au unene wa plastiki. Mimi nawauliza: masikio uliyaangalia?

Masikio ni vile vishikizo vya kwenye kingo za bampa, vyenye matundu ya klipu na skrubu. Ya juu yako karibu na shoo, yaani wavu wa mbele ya gari, ya chini yanashika kava la chini ya injini, na pembeni kuna safu ya vitundu vya mstatili vinavyopokea meno ya breketi iliyofungwa kwenye fenda. Hayo ndiyo yanayobeba bampa. Ufa wa katikati, hata ukiwa mrefu, unaungika. Sikio likikatika au vitundu vya pembeni vikiraruka, bampa linaanza kucheza, na kila mtikisiko wa barabara unaongeza ufa mwingine.

Njia za kutengeneza ziko tatu. Nafasi ya kwanza naipa bampa la Toyota lenyewe, lililotumika Japani, na sifichi upendeleo wangu. Limetoka kiwandani, matundu yanaangukia panapotakiwa, na plastiki yake inapinda bila kuvunjika. Kabla ya kwenda kwenye maduka ya spea ya Gerezani au Shauri Moyo, Dar es Salaam, piga picha masikio ya bampa lako, yote. Dukani mwambie kijana alishushe, alipindue juu ya boksi. Pitisha kidole ukingo mzima. Ukiona mng'ao wa supagluu, ungaunga mweupe au tundu lililotobolewa kwa drili, liache. Vitundu vya pembeni vitazame kimoja kimoja, kulia na kushoto, kwa sababu hapo ndipo wengi hawafiki.

Tazama pia namba. Mara nyingi imechorwa upande wa ndani: bampa la mbele la Toyota huanza na 52119, la nyuma 52159, na tarakimu zinazofuata ndizo zinazotofautisha modeli. Usiridhike na jibu la "hili ni la IST." IST ya kwanza ilitoka 2002 ikabadilishwa sura 2005, na mabampa ya kabla na baada si mamoja.

Bampa lililopakwa rangi mpya likiwa dukani mimi silinunui. Bora lenye mikwaruzo na vumbi, naona ninachonunua. Kinachoniudhi ni kwamba muuzaji anajua fika. Mabampa yananing'inizwa juu, uso mzuri ukiwa mbele, na ukiomba likageuzwe unaambiwa, "Dada yangu, hii original kabisa, imeshuka jana kwenye kontena." Ukigundua kasoro nyumbani, unaonyeshwa maandishi ukutani kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Bei nazo siandiki hapa, maana zinatajwa kwa kuangalia umekuja na gari gani na kama umeongozana na mwanamume. Nimechoka na jambo hilo. Ulizia kwa simu kwanza, maduka kadhaa, ukitaja namba ya spea. Mtu akisikia namba hupunguza maneno. Na risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, idai, iandikwe modeli na upande wa bampa.

Nafasi ya pili ni kuchomelea bampa lako mwenyewe, kama masikio yamesalimika. Ndani limeandikwa aina ya plastiki. Magari mengi haya utakuta PP, ikifuatwa na herufi nyingine. Hiyo ni polipropilini, na huungana vizuri na polipropilini mwenzake tu. Fundi mzuri hutoboa kitundu mwisho wa ufa usiendelee, huchonga mfereji, huyeyusha kijiti cha plastiki ileile, kisha huweka pini za moto au wavu kwa ndani. Wengine hukata ukanda wa dumu la mafuta na kuuchomelea. Dumu ni polietilini. Kwa macho linaonekana limeshika, lakini plastiki hizo mbili hazichanganyiki, na siku ya baridi kiraka kinabanduka chote. Mpelekee fundi kipande cha bampa bovu la PP. Hata kiti cha plastiki kilichovunjika, kikiwa na pembetatu yenye namba 5, kinafaa kuliko dumu.

Kabla ya rangi lazima ipigwe primer ya plastiki, yaani rangi ya msingi inayoshika plastiki. Polipropilini haishiki rangi wala pati ya kawaida. Zitabanduka kama maganda. Mimi napenda U-POL Grip#4. Mwambie fundi akuonyeshe kopo lenyewe.

Nafasi ya tatu ni bampa jipya la Taiwan au China. Halina historia ya ajali, hilo nalikubali. Lakini matundu hupishana kidogo na ya gari, fundi anaanza kutoboa na kulazimisha, na hapo masikio mapya yanapasuka kabla hujatoka gereji. Ukilichukua, sharti liwe la kujaribiwa kwanza kwenye gari.

Faiba, pati juu ya ufa, supagluu na magadi: vyote hukauka vikawa vigumu, bampa likipinda vinakatika. Ni vya kukufikisha nyumbani.

Breketi za pembeni nunua mpya hata kama bampa ni la mtumba. Ni kipande kidogo, na meno yake yakiwa yamelika hata bampa zuri litaachia. Nunua na klipu. Kisha simama fundi anapofungua bampa la zamani, kwa sababu masikio mengi huvunjwa gereji: anavuta kwa nguvu kabla ya kutoa skrubu iliyojificha kwenye madigadi. Mwambie aanze na hiyo.

Kuhusu rangi, namba yake iko kwenye kibati cha chini ya boneti au nguzo ya mlango. 1F7 ni silva, 040 ni nyeupe ya kawaida, 070 ni nyeupe ya lulu. Hiyo ya lulu hupakwa kwa tabaka tatu, kwa hiyo akikuambia "nyeupe ni nyeupe," tafuta fundi mwingine. Ukipata bampa lenye namba yako ya rangi, hata likiwa limepauka kidogo, umeokoa pesa ya rangi.

Kama halina namba yako ya rangi, lifungwe kwanza kabla ya kupakwa rangi: klipu zote, skrubu zote, taa zimewashwa, boneti imefungwa. Lisukume kwa kiganja kwenye pembe zote mbili. Likicheza, lirudishe dukani siku hiyohiyo, kama mlivyopatana na muuzaji kabla ya kulipa, kabla fundi rangi hajaligusa kwa msasa.